Balbu Nyekundu kwa Kageha

Usiku wa jana, kabla blanketi halijashika joto, niliota nimepanga foleni kwa kinyozi saa nane mchana, jua kali, nasubiri usiku uletwe.

Sikuona ajabu. Foleni nzima ilikuwa inausubiri. Kinyozi mwenyewe hakuwa ananyoa mtu, kwa sababu nyuma ya pazia lake ndiko iliko baa ya Kageha, baa ya mashoga na wasagaji wa Nairobi nzima, na baa hiyo haina kibao. Unaingia kama mtu wa kunyolewa, unatoka na nywele zako zote. Mimi peke yangu nilikuwa na kipara, na watu walianza kunitilia shaka.

"Huyu mzee amekuja kunyoa nini?" akauliza mwanamke mmoja aliyevaa suti na tai.

"Ndevu," nikasema.

"Haya dada, karibu kwenye foleni." Kwa Kageha hata wanaume tunaitana dada.

Mkokoteni ukafika na usiku ndani ya mitungi ya plastiki. Kageha, mwenye baa, mwanamke mfupi aliyejifunga leso kiunoni, akafungua mfuniko mmoja akachungulia.

"Huu umetiwa maji. Naona mpaka chini."

"Mwaga tu," akasema Mumbua. Yeye na Kageha wamelala kitanda kimoja miaka na miaka na hawajawahi kukubaliana jambo lolote. "Ukikolea sana watu hawaonani nyuso."

"Nani amekuja hapa kutazama nyuso?"

Wakamwaga. Giza likatambaa sakafuni, likapanda mpaka viunoni mwa watu, likaishia hapo. Kutoka kiunoni kwenda juu ilikuwa bado saa nane mchana. Kageha akasema inatosha, biashara lazima iendelee.

Mlangoni lilisimama friji la soda, kubwa, la zamani, lenye kufuli kifuani.

"Nani anakujua?" likaniuliza.

Hiyo ndiyo sheria ya kwa Kageha. Huingii mpaka awepo mtu wa ndani anayekujua.

"Mwakio ananijua."

"Anakujua wapi?"

"Mguu wa kushoto. Ndio anaoukanyaga kila tukicheza."

Friji likanguruma kidogo, likafikiri. "Mwakio anaondoka leo. Bendi inaenda Lubumbashi na yeye ndiye mbeba ngoma. Wimbo huu ukiisha, wanapakia."

"Najua. Aliondoka zamani na sijamwona tena. Nataka wimbo mmoja tu, tuumalize. Ule wa siku ile hatukuumaliza."

"Kwa nini?"

"Taa."

"Lo!" likasema friji. Likajifungua, nikapita katikati ya kreti za soda na kutokea upande wa pili nikiwa na umande kwenye nyusi.

Mwakio alikuwa pale pale nilipomwacha, na shati lake la maua, na viatu vyake vya visigino virefu vya wakati ule.

"Umezeeka wewe," akasema.

"Na wewe mbona hujazeeka?"

"Sijapata nafasi. Mizigo mingi. Unacheza au umekuja kunipima umri?"

Mumbua alikuwa amenyunyiza poda ya watoto sakafuni, kama ilivyo desturi, ili saruji iteleze. Tukashikana.

Sasa, juu ya kaunta ya Kageha kuna balbu nyekundu. Ikiwaka, kuna askari mlangoni. Hapo kila mwanamume anamwachia mwanamume mwenzake, anazunguka mara moja tu, anashika mwanamke aliye karibu, bila kupoteza mdundo. Askari akiingia anakuta mabwana na mabibi wanacheza kwa heshima, anakunywa soda yake, anaenda zake. Nimezunguka hivyo nusu ya maisha yangu. Miguu yangu haingoji amri.

Tunacheza. Santuri inaimba. Mwakio ananikanyaga mguu wa kushoto, hajabadilika. Balbu inawaka.

Nazunguka. Nafungua macho niko mikononi mwa Mumbua.

"Nani amekuja?" nauliza.

"Hakuna mtu. Mbuzi amekohoa nje. Siku hizi hiyo balbu ina woga."

"Si woga," inasema balbu. "Nina uzoefu."

"Na wewe mzee, hata mlango hukuutazama! Miguu yako ina akili ya kuku. Na usinivute. Hapa naongoza mimi."

Mumbua akanizungusha, na tulipomaliza kuzunguka tulikuwa posta kuu, mbele ya dirisha la stempu. Karani alikuwa anapiga mihuri kwa kufuata ngoma, na alikuwa anakosea. Nikamtafuta Mwakio, nikampata karibu na masanduku ya barua, nikamshika tena. Hatujapiga hata hatua mbili, mtu akafungua chupa ya soda, *pshh*, balbu ikawaka.

Nikazunguka. Safari hii nililishika friji. Friji linacheza vizuri kuliko nilivyodhani, ila lina mikono baridi na linapenda kuzungumzia umeme.

"Nimebakiza ubeti mmoja," ikasema santuri. "Nikiisha nimeisha. Msije mkasema sikuwaambia."

Posta ikawa paa la ghorofa. Huko chini, bendi ilikuwa inafunga ngoma kwenye lori. Nikamkimbilia Mwakio nikihema. Alikuwa amesimama peke yake, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyepokonywa mtoto.

"Balbu hiyo itatumaliza," nikamwambia.

"Balbu imewaka tu," akasema Mwakio. "Anayezunguka ni wewe. Mimi sijaondoka hapa nilipo."

"Na siku ile?"

"Hata siku ile. Nilisimama hivi hivi, wewe ukaenda kucheza na Kageha mpaka asubuhi. Kageha mwenyewe alikuwa anakuona mjinga."

"Bado namwona," akasema Kageha kutoka kwenye kaunta.

Tukashikana. Ubeti wa mwisho unaanza. Balbu inawaka, na sasa si mbuzi. Mlango unafunguka, inaingia kofia ya inspekta, peke yake, haina kichwa, inaelea pale ambapo kichwa kingekuwa.

Ukumbi mzima unazunguka. Wanaume wanashika wanawake, viti vinashika meza. Miguu yangu nayo inaanza kwenda.

Mwakio akaukanyaga wa kushoto. Akaukanyaga kwa kisigino, akakiacha hapo hapo, akaegemea na uzito wake wote. Basi nikajua kwamba miaka yote ile hakuwa mchezaji mbaya.

Wa kulia ulikuwa huru kwenda. Nikauambia ukae.

"Nyinyi wawili," ikasema kofia. "Hii ni nini?"

"Rumba," akasema Mwakio.

"Mimi naona wanaume wawili."

"Unatuona kwa kutumia nini, mkubwa?"

Kofia ikalitafakari jambo hilo. Friji likasogea nyuma yake, zito, taratibu.

"Samahani," likasema friji. "Nani anakujua?"

Kofia ikageuka kulia, ikageuka kushoto. "Hakuna anayenijua," ikasema, kwa sauti ndogo.

"Basi rudi kwa kinyozi upange foleni."

"Lakini mimi sina nywele."

"Hata yule mzee hana. Panga."

Ikaenda. Sisi tukaumaliza wimbo, wote, mpaka pale santuri inapokwaruza na kukaa kimya. Mwakio akaninyoosha kola. "Haya dada," akasema, "usizunguke ovyo." Akabeba ngoma yake begani, akashuka ngazi. Giza likatoka miguuni mwetu likaingia kwenye mtaro, na Kageha akaanza kulalamika kwamba usiku wa maji haudumu.

Nikaamka. Niko chumbani kwangu Kariobangi, komeo liko mahali pake, jirani anasukutua mdomo kwa kelele. Viatu vyangu viko kando ya mlango, nilivipiga rangi nyeusi jana jioni kabla ya kulala.

Cha kulia kinang'aa. Cha kushoto, pale penye vidole, kina alama nyeupe ya kisigino, pana, imebonyea. Nimekinusa: poda ya watoto. Nyumba nzima hii haina mtoto.

Nimepitisha brashi kwenye kiatu cha kulia peke yake, nikavivaa vyote viwili, nikatoka.