Siku Jiko la Chuo Lilipowaka

Delphine Mwila alipoteuliwa mkurugenzi wa huduma katika chuo kikuu cha serikali mjini Lubumbashi, jamaa zake hawakujua wampongeze au wampe pole. Kwa jina idara ilikuwa kubwa: mabweni, tanuri la mikate, chumba cha kuchapia, nyumba ya wageni, mashamba ya njia ya Kipushi, na mgahawa wa wanafunzi. Kwa kweli ilikuwa mahali ambapo wakubwa walimpeleka mtu waliyechoka kumwona. Aliyemtangulia alikuwa ameweka godoro nyuma ya meza yake, akilala baada ya chakula cha mchana hadi saa ya kurudi nyumbani.

Delphine alianza kwa kulitoa lile godoro nje. Kisha akajifunga kibwebwe. Tanuri likafufuka, na asubuhi harufu ya mkate ikaanza kuwaamsha wanafunzi. Mashamba yaliyokuwa yamemezwa na nyasi yakalimwa, yakatoa mahindi, mahindi yakawa unga. Watu wakaanza kumsalimu kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani.

Ila mgahawa ulibaki umefungwa. Ulikuwa ukumbi mkubwa wenye sakafu ya vigae, na jikoni mwake zilisimama sufuria za chuma ambazo ungeweza kumwogeshea ndama ndani yake. Ulifungwa wanafunzi wa sasa wakiwa bado wananyonya. Tangu hapo kila mtu alijipikia chumbani kwa jiko dogo la umeme, nyaya zikiungua, bweni zima likibaki gizani. Asiyekuwa na kitu cha kupika alikunywa maji akafungua vitabu.

Delphine aliijua njaa hiyo. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na miaka ile mishahara ya reli ilikuwa hadithi tu. Akiwa mwaka wa pili chuoni hapo hapo, muda mfupi baada ya mgahawa kufungwa, alianguka kwa njaa katikati ya mtihani, na msimamizi akadhani amelewa. Hakumsimulia mtu. Lakini kila alipopita mbele ya mlango ule wenye kufuli la kutu, shavu lake lilikumbuka ubaridi wa sakafu.

Basi siku moja, kwenye kikao cha wakubwa, akasema anataka kuufungua. Alexis Numbi, katibu mkuu wa utawala, akatabasamu. Alikuwa mtu wa suti nzuri na maneno laini, na tayari alikuwa amemwahidi mfanyabiashara mmoja ukumbi huo uwe ghala la bia.

“Madame la Directrice, tuseme kweli,” akasema. “Banafunzi balizoea kujipikia. Ile salle iko inaoza bure. Tuipatie bantu ya bia, université ipate faida.”

“Habakuzoea, Monsieur le Secrétaire,” Delphine akajibu. “Balichoka kulia, njo maana hamubasikie.”

Rekta, mkuu wa chuo, mzee asiyependa ugomvi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Mama Delphine,” akasema mwishowe, “siku ya kufungua masomo, banafunzi bakikula mule ndani, salle iko yako. Kama habakule, itakuwa ya bia.”

Delphine akakubali pale pale, kabla hajajua atafanyaje.

Jikoni palikuwa na tatizo moja lililoyapita yote. Zile sufuria zilichemshwa kwa mvuke, na mvuke ulitoka kwenye boila, pipa kubwa la chuma ambalo mafundi waliita shodiere. Kapya, fundi mkuu wa chuo, aliigonga kwa nyundo, akasikiliza, akatikisa kichwa.

“Mama, hii shodiere ilikufa zamani. Hata pasteur akuye kuiombea, haitaamuka.”

Wakatafuta nyingine, hadi wakaipata upande wa Zambia, Ndola, katika kiwanda kilichokuwa kinabadilisha mitambo. Ilikuwa imetumika, lakini nzima. Huku wakiingoja, Delphine akamchukua Adolphine, mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapo hapo Lubumbashi, aliyekuwa akipikia harusi na matanga ya mtaa mzima, na Adolphine akaja na kundi lake. Wakasugua sufuria zile hadi zikaonyesha sura za watu. Mabomba yakabadilishwa. Kilichobaki ni moto.

Zikiwa zimesalia siku mbili masomo yafunguliwe, simu ikalia. Alikuwa dereva wa lori lililobeba boila. Amevuka mpaka, alisema, amemalizana na watu wa forodha, lakini ekseli imekatika palepale Kasumbalesa, katikati ya foleni ya malori. Ekseli nyingine itatoka mbali. Labda wiki ijayo.

Delphine na Kapya wakapanda pikapu ya chuo, wakashika barabara. Njiani Numbi akapiga simu.

“Madame, nimesikia. Pole sana. Hakuna muntu atakulaumu.”

“Merci,” akasema Delphine, akakata. Ilikuwa hasira. Au ilikuwa hofu. Hakujua, na hakuwa na nafasi ya kujiuliza.

Kasumbalesa waliikuta imejaa kama kawaida yake: malori yamebanana hadi macho yanapoishia, vumbi, wabadilishaji fedha kwenye viti vya plastiki, madereva wakifua nguo kati ya magurudumu. Lori lao lilikuwa limeinamia upande mmoja, na boila juu yake imefungwa minyororo. Kapya akalizunguka, akakaa chini ya kivuli chake. Delphine hakuwahi kumwona Kapya akikaa chini kazini.

Akabaki amesimama juani. Aliwaza kumpigia rekta, amwombe siku chache. Alijua jibu. Ndipo akatazama safu ile ya malori, na madereva waliokuwa wakimtazama yeye, mama mwenye viatu vya ofisi kwenye vumbi. Wanaume wa rika lake. Wababa.

Akaanza kutembea kando ya foleni, akipaza sauti kama muuza samaki.

“Bababa! Bandugu! Nani iko na mutoto ku université ya Lubumbashi?”

Wa kwanza walicheka. Kisha mkono mmoja ukatoka dirishani. “Miye iko naye! Wa kike, ku droit!” Mwingine akaruka kutoka juu ya shehena yake: “Mutoto ya ndugu yangu iko ku médecine!” Akaendelea kutembea, na walioitika wakamfuata, hadi nyuma yake pakawa na kundi la wanaume wenye mafuta mikononi.

Akageuka. “Ile kintu munaona kule njo jiko ya batoto benu. Kamio yake ilivunjika. Nisipoifikisha leo, batalala njaa mwaka muzima tena.”

Hakuhitaji kusema zaidi. Wakatawanyika wakitafuta, na muda si mrefu wakamleta mtu mnene aliyekuwa bado anafunga mkanda wa suruali. Huyo ni Chama, wakasema, anakwenda Kipushi kuchukua mashine za mgodi. Lori lake ni tupu na lina winchi.

“Mama,” Chama akasema, “mimi sina mutoto ku université. Sina mutoto fasi yoyote. Niko na bata tu, kule Kipushi.”

Watu wakaangua kicheko. Delphine hakucheka.

“Basi, Papa Chama, leo utakuwa na batoto mingi kupita bote beko hapa.”

Chama akamtazama. Akakuna shingo. “Nitapita wapi? Njia yote imefungwa.”

“Njia iko kazi yetu!” akapiga kelele yule mwenye binti wa sheria.

Injini zikaanza kunguruma moja baada ya nyingine. Malori ambayo kwa kawaida yasingempisha mtu hata kwa kilemba cha dhahabu yakajisogeza pembeni, gurudumu moja mtaroni, jinsi watu wanavyokunja miguu kwenye benchi la kanisa ili mwenzao apite. Chama akapenya katikati, kioo kikikwaruzana na kioo. Kapya tayari alikuwa juu ya boila akifunga minyororo, akitoa amri kama kijana. Winchi ikavuta. Boila ikanyanyuka, ikayumba hewani. Kisha ikatua polepole juu ya lori la Chama, na honi zikalia Kasumbalesa nzima hadi polisi wakaja mbio kuuliza kuna nini.

Jua halijazama, lori liliingia lango la chuo, Delphine amekaa mbele kando ya Chama, nywele zimejaa vumbi. Adolphine na wenzake wakapiga vigelegele. Chama akapewa bukari, ugali wa kwao, na samaki kutoka kwenye chungu chao wenyewe, akala chakula cha watu wawili, akashika njia ya Kipushi.

Kesho yake Kapya na mafundi wake hawakuinua vichwa kutoka kwenye mabomba. Na asubuhi ya kufungua masomo, mvuke mweupe ukatoka kwenye bomba la jikoni, ukapanda wima juu ya mabweni.

Wanafunzi walikuja kwa mashaka, wawili, watatu, wakichungulia mlangoni. Kisha harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikafanya kazi yake. Kufikia adhuhuri ukumbi ulijaa, vijiko vikigongana na sahani, watu wakiitana kutoka meza hadi meza. Rekta alikula amesimama. Numbi naye alikuja, na Adolphine, ambaye hakumjua, akamwambia arudi nyuma kama wengine. Akarudi. Akapanga foleni na suti yake nzuri, na zamu yake ilipofika akaomba aongezewe mboga.

Delphine alichukua sahani yake mwisho, akakaa palipokuwa na nafasi, mbele ya msichana mwembamba wa mwaka wa kwanza aliyesema anaitwa Bénie. Msichana alikuwa amemaliza, na alikuwa akifuta sahani kwa tonge la mwisho.

“Mama,” akauliza kwa sauti ndogo, “na kesho batapika tena?”

Delphine akamwonyesha mlango wa jikoni.

“Kesho, na kesho kutwa. Enda bakuongeze, mwanangu. Bado iko mingi.”