Vikuku vya Pacha

Saa tatu na robo asubuhi, printa ya wodi ya wazazi ilitoa vikuku viwili vya plastiki, na kila kimoja kilikuwa na herufi moja tu: N.

Muuguzi mkuu alivigeuza mbele na nyuma, kisha akashuka mwenyewe hadi chumba cha kompyuta. Alimweleza fundi wa programu, mwanamke ambaye hata koti alikuwa hajalivua, kwamba wodini kuna pacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja ana ugonjwa wa manjano na daktari anataka aende chumba cha taa za kumtibu. Kwa sasa alikuwa amemfunga huyo kipande cha bandeji mguuni, lakini bandeji huchomoka, na mtoto mchanga hawezi kujitaja.

“Nipe majina kamili, mwanangu,” alisema, “au hiyo kompyuta yenu mpya nitaifanya meza ya chai.”

Kompyuta mpya ya wodi ilikuwa imewekwa jana yake. Ya zamani bado ilitumika mapokezi, na programu moja ilitakiwa kuzihudumia zote mbili. Ya zamani huihifadhi herufi katika nafasi moja. Mpya huipa nafasi mbili, ili herufi za lugha zote zienee. Kwa hiyo amri ya kuandika ina sura mbili: jina la sura ya zamani linaishia na A, la sura mpya na W. Fundi makini huandika jina lisilo na mkia, na mpangilio mmoja huchagua mkia unaoifaa kila mashine.

Kwenye sehemu ya programu inayoandika vikuku, mtu alikuwa ameuandika mkia wa A kwa mkono. Fundi hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Meza ya pili ilikuwa ya mume wa dada yake, ambaye hujaribu kila kitu kwenye kompyuta yake kuukuu, kwa sababu anaipenda kuliko wakwe zake.

“Shemeji, ulipoandaa toleo jipya, mashine haikukuonya?”

“Ilinionya. Nikaiziba mdomo.”

Alikuwa ameongeza neno la kuilazimisha iamini kuwa maandishi mapya ni ya zamani. Onyo likatoweka, kosa likabaki. Amri ya zamani ilisoma N, ikakuta nafasi ya pili ya herufi hiyo ni tupu, ikadhani jina limekwisha.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema fundi. “Na changu kimeoa kwetu.”

Shemeji alicheka, akashauri waiweke W pale penye A, wamalize. Fundi alikataa: wodi itapona, mapokezi yataugua. Alifuta mkia, akafuta na lile neno la kuziba mdomo. Mashine ilipopata sauti ililalamika kuhusu mahali pengine pawili palipozibwa vilevile. Shemeji alipazibua mwenyewe kabla hajaambiwa, kisha akaenda mapokezi na toleo la kompyuta ya zamani. Fundi alipanda wodini na la kompyuta mpya.

Simu ya wodi ililia. Alikuwa shemeji, akisema kwamba kule mapokezi jina limetoka zima.

Printa ya wodi ilitoa vikuku viwili. Muuguzi mkuu aliyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, na kila mara mama wa pacha aliitikia kwa kichwa. Aliwafunga watoto wote wawili mkononi. Kisha akachukua mkasi, akaikata bandeji ya yule mwenye manjano, na kitanda chake kidogo kikasukumwa kuelekea chumba cha taa.