Mtu wa Nyuma Katika Hedifoni

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi manyunyu yalikatika, jua likatoka kivivu, na nguo nilizoanika jana zilikuwa bado mbichi. Nilianza kuomba kabla ya chai, nikashindwa kumaliza. Kila nilipofumba macho nilimwona wifi yangu akivua hedifoni.

Ilikuwa wiki tano zilizopita, katika chumba changu cha kushonea. Nilikuwa nimeanza masomo ya jioni ya kurekodi sauti, mimi mwenye miaka hamsini na miwili, na kwaya yetu ilikubali nirekodi wimbo wake nyumbani. Nilitundika mablanketi ukutani, nikasogeza cherehani pembeni, nikachomeka maikrofoni kwenye kile kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa wifi, dada wa mume wangu. Ameuimba peke yake miaka ishirini.

Mara ya kwanza aliuburuta ubeti, akachelewa. Mara ya pili akaburuta zaidi.

"Wifi, kuna mtu ananifuata nyuma humu," alisema akigonga hedifoni. "Nikiimba, naye anaimba. Ananiigiza!"

"Hakuna mtu, wifi. Labda ni umri."

"Umri wa nani? Kati yetu nani alitangulia kuvaa miwani?"

Tulicheka. Mara ya saba hakucheka. Aliiweka hedifoni juu ya cherehani taratibu, kama anayeweka yai, akasema, "Basi. Mpe mtoto."

Mtoto ni binti yangu. Hereni zake kubwa zilimbana, akaziba sikio moja tu kwa hedifoni, akaimba mara mbili tukamaliza. Kiongozi wa kwaya akasema ubeti sasa ni wake. Mungu anisamehe, nilifurahi. Tangu siku hiyo wifi hakukanyaga mazoezini.

Alhamisi ya pili baada ya hapo, mwalimu wetu wa jioni aliandika namba mbili ubaoni: 1024 na 64.

"Kompyuta hairudishi sauti papo hapo," alisema. "Inaikusanya kwanza fungu fungu, na namba hizi ni ukubwa wa fungu. Fungu likiwa kubwa, mwimbaji anajisikia amechelewa, anaanza kujisubiri. Kisanduku nacho kinaweza kumrudishia sauti moja kwa moja. Mkiacha njia zote mbili wazi, atajisikia mara mbili. Atawaambia kuna mtu nyuma yake."

Darasa zima likacheka. Mimi kalamu ilinidondoka.

Nilirudi nyumbani nikawasha mitambo. Namba ilikuwa 1024, njia zote mbili wazi. Nikavaa hedifoni, nikaimba mstari mmoja. Mtu wa nyuma akaimba pia. Binti yangu alikuwa ameokolewa na lile sikio lililobaki wazi.

Na bado nilinyamaza wiki tatu. Nilijiambia binti ataumia. Katika sala nilimwombea wifi "apate nafuu," kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Leo mchana wanakwaya walikuja kuusikiliza wimbo kabla haujapigwa kanisani. Nilimsihi wifi naye aje. Kabla sijawapigia wimbo, nilimpa hedifoni.

"Imba mstari mmoja, wifi."

"Mimi nimestaafu, mama."

"Mmoja tu."

Nilikuwa nimeweka 64, nimefunga njia ya kompyuta, nimeacha ile ya kisanduku peke yake. Akaimba. Katikati akasimama, macho yamemtoka.

"Ameondoka," alisema.

"Nani?" kiongozi akauliza.

"Yule wa nyuma."

"Nilimweka mimi," nikasema. Nikawaeleza yote, hata ile furaha yangu.

"Mama, umejua tangu lini?" binti akauliza.

"Wiki tatu."

Wifi aliivua hedifoni. "Ukaniambia ni umri."

"Nilikwambia."

"Kumbe miwani yako ndiyo iliyoshindwa kusoma namba." Watu walicheka. Yeye midomo ilikuwa inamcheza.

Nikasimama katikati ya chumba. "Kiongozi, mwanangu, nyote mnisikie. Jumamosi ijayo wifi ataurekodi upya ubeti wake, hapa hapa. Na kesho yake, Jumapili, kabla wimbo haujapigwa, nitasimama mbele ya kanisa zima na kusema kosa lilikuwa la mikono yangu, si la sauti yake, na kwamba nilijua nikanyamaza."