Mfuko wa Ndani Ulikataa Kushonwa

Niliota usiku wa jana kwamba ninashona mkoba, na mkoba wenyewe hauniamini.

Lakini nianze na yaliyotokea nikiwa macho, msije mkasema nimechanganya. Leo saa tatu asubuhi shauri letu linasikilizwa ofisi ya kata. Sisi mafundi wa baraza la duka la marehemu mzee Mbwambo tumebaki wawili: mimi, Fundi Mhando, na Bi. Hidaya Shemhilu. Marehemu alituruhusu kushonea barazani kwake kwa muda wote tutakaokuwa tunashona. Akaandika karatasi, tukapiga dole gumba watu watatu, yeye na sisi wawili, kwa wino wa zambarau, na karatasi nikapewa mimi niitunze. Sasa mwanawe, Elibariki, anataka baraza alizungushie vioo auze simu. Anasema kama tuna karatasi tuilete.

Karatasi ilipotea miaka kumi na moja iliyopita.

Mimi sisahau kitu. Ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha, nina sare za shule arobaini za kumaliza. Nikauliza barazani kwa sauti: nani kachukua karatasi? Bi. Hidaya hakuinua hata uso. Alisema, "Angalia kwenye vipande vyako, Fundi." Sasa mtu asiyehusika anajibu hivyo? Tangu siku ile sijamsalimu. Cherehani zetu ziko hatua mbili tu, na nikitaka mkasi wake mkubwa namtuma mteja.

Kwa ajili ya leo nimeandika hotuba ya kurasa nne. Jina lake limo mara kumi na tisa. Jana mchana nikaanza kushona mkoba wa kuibebea, maana huwezi kwenda kumwumbua mtu na karatasi ziko kwenye mfuko wa plastiki. Kitenge cha bluu chenye picha za feni nyeupe, bitana ya khaki kwa ndani, zigizaga ya njano kuzunguka mdomo, vifungo vinne vya mapambo, mikanda miwili, mifuko mitatu. Jioni mfuko mmoja tu, wa ndani, ulikuwa bado. Nikalala.

Ndotoni niko barazani, ila baraza liko ndani ya ofisi ya kata, na hakuna anayeshangaa. Kazi yote niliyofanya mchana imefumuka. Kitenge kimelala mezani kimekunja mikono.

"Umenifua?" kinauliza.

"Kukufua kwa nini? Wewe mpya."

"Ndiyo maana nauliza. Kitambaa kipya hufuliwa kabla ya kukatwa, kisije kikasinyaa baadaye. Au mafundi wa siku hizi mmeliacha hilo?"

Nakifua kwenye beseni. Kinasinyaa kidogo, na duka la marehemu nalo linasinyaa kidogo, mlango unabaki wa kupita paka. Elibariki yuko ndani, anachungulia, anasema atatulia mpaka lipigwe pasi.

Nachukua tepu nipime. Tepu inaanzia sentimita ya tatu.

"Mbili za mwanzo ziko wapi?" nauliza.

"Zilikatika."

"Lini?"

"Unataka siku au mwaka?"

Sikulipenda jibu hilo. Nikaandika pembeni ya meza kwa chaki: tepu inajua kitu. Nikageuka, nikaviona vile vifungo vinne vinaniangalia. Kifungo kimoja kina matundu manne, basi ni macho kumi na sita. Vinapepesa kwa zamu ili kila wakati kuwe na lililo wazi. Nikaandika: vifungo pia.

Nakata vipande viwili vya mkoba. Kanuni inasema vilazwe uso kwa uso, mgongo nje, ndipo vishonwe. Nikavilaza. Vikageuka, kila kimoja kikampa mwenzake kisogo.

"Mna nini?" nikauliza.

"Hatusalimiani," kikasema cha juu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Mwenzangu aliniambia nijiangalie."

"Basi una haki," nikasema. "Mimi ningefanya hivyo hivyo."

Vifungo vikakohoa.

Sasa Bi. Hidaya yuko kwenye cherehani yake, hatua mbili kutoka kwangu, anadarizi ua kwenye mkanda wa mkoba wangu. Sikumwagiza. Ua ni jekundu na linakua kila akichoma sindano, shina limeshuka mpaka sakafuni. Haniangalii. Anakiambia kitenge, "Mwambie jirani yako mshono wake haujafungwa. Mwisho wa mshono hurudishwa nyuma mishono mitatu, la sivyo unafumuka."

"Mwambie jirani yangu," nikakijibu kitenge, "mimi nashona tangu yeye hajui kutunga uzi."

"Mwambie namjua. Nilimtungia mwezi mzima alipoumwa macho."

Ni kweli alinitungia. Hilo nalo nalikumbuka, ila kwenye hotuba sikuliweka.

Nikabonyeza kishikio cha kurudi nyuma. Mshono mmoja, mwaka mmoja. Cherehani ikapitiliza mitatu, ikapitiliza sita. Kila sindano inaposhuka, ndevu za Elibariki zinarudi ndani ya kidevu. Mshono wa tisa, bati la baraza likawa jipya. Kwenye mshono wa kumi na moja ikasimama, na marehemu mzee Mbwambo akatoka akaketi kwenye kigoda chake, akaendelea na chungwa alilokuwa akila.

"Mbona mmechelewa?" akauliza.

"Tunatafuta karatasi, mzee."

"Si nilikupa wewe?"

"Ulinipa. Ikaibwa."

"Aa," akasema, akatema kokwa. Nikaliandika hilo "aa" kwa chaki, maana halikuwa la bure.

Mvua inanyesha. Ni Jumanne ile ile. Nikauchukua mfuko wa ndani niupachike kwenye bitana. Ukafumba mdomo.

"Sishonwi," ukasema kwa pembeni.

"Mfuko hauna uamuzi."

"Wa nje hauna. Mimi ni wa ndani. Kila mfuko hukatwa kwa kipimo cha kitakachobebwa. Nitabeba nini?"

"Hotuba."

"Soma."

Nikasimama wima nikasoma. Kila nilipotaja Hidaya, pini moja ilidondoka kutoka hewani ikajichoma kwenye kimto cha pini. Zikafika kumi na tisa. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Elibariki, aliyekuwa na miaka kumi na minne na hajui tunazungumza nini.

"Umetaja jina mara kumi na tisa," ukasema mfuko. "Ulichoona hujakitaja hata mara moja."

"Nilisikia alivyonijibu!"

"Alikujibu nini?"

"Angalia kwenye vipande vyako."

"Ukaangalia?"

Nikauambia kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo wanayouliza watu waliokwisha kununuliwa. Nikaanza kushuku kuwa umepewa zipu na Bi. Hidaya.

"Basi geuza," ukasema mfuko. "Uone mwenyewe."

Mkoba ukishonwa na bitana, huachwa uwazi wa kupita kiganja, unaingiza mkono, unavuta, ndani inakuwa nje. Nikaingiza mkono. Kilichoko ndani kikanivuta kwanza. Nikapita kwenye uwazi mimi, akapita Bi. Hidaya na cherehani yake, wakapita marehemu na chungwa, baraza lote, mvua yote. Tukatokea upande wa pili, kila kitu kikiwa kimegeuka mgongo nje. Ukuta una nyuzi zinazoning'inia. Paa lina mishono. Ua jekundu, kwa nyuma, ni fundo tupu.

Na pale ukutani, kwenye msumari wangu, ziko paterni zangu zote, vile vipande vya karatasi ninavyopimia kitambaa kabla ya kukata, nazo zimegeuka. Miaka yote nimezijua kwa mbele. Kwa nyuma, ya kola ni mfuko wa saruji. Ya mkono ni gazeti. Ya marinda ni kalenda ya wauza mbegu.

Nafasi ya paterni ya mfuko ilikuwa tupu. Bado haijatengenezwa.

Hapo nikajua mwizi yuko njiani. Nikajibanza nyuma ya zipu, nikazuia pumzi.

Mkono ukaja. Mkono mtupu, hauna mtu. Ukachukua kipande cha mfuko wa saruji, kikajikunja kwa unyevu. Ukakitupa. Ukakichukua tena, ukapapasa mezani, ukaokota karatasi nyingine iliyo ngumu, ukachovya kidole kwenye uji wa muhogo, ukazigandisha pamoja uso kwa uso ili zisimame. Halafu ukashika mkasi, ukazungusha kona mbili za chini, kwa haraka, kama mtu mwenye sare arobaini. Ukauendea msumari, ukaitundika paterni hiyo.

"Huyo!" nikaruka. "Nimemkamata! Ana kovu la sindano kwenye kidole cha shahada. Andikeni kovu!"

Vifungo vikaandika.

"Bi. Hidaya ana kovu?" ukauliza mkasi.

"Lazima analo."

Bi. Hidaya akaacha kudarizi, akainua mikono yote miwili, akaigeuza mbele na nyuma. Mikono ya mtu anayevaa subana ya kukinga kidole. Haina hata doa.

Macho kumi na sita yakahamia kwangu, kwa mara ya kwanza yote wazi kwa pamoja. Mkono wangu nikauchomeka mfukoni.

"Hapana," ukasema mfuko. "Mimi sijashonwa."

Basi mkono ukabaki nje, na kovu lake.

Bi. Hidaya akaniangalia usoni. Hakupitia kwa kitenge wala kwa mteja. "Mvua ilikuwa inanyesha, Fundi. Ulikuwa na haraka. Nilikuona unagandisha karatasi, ila nilikuwa upande huu, sikujua ni ipi. Ulipouliza, nikakwambia uangalie kwenye vipande vyako."

"Ungesema mara ya pili!"

"Ya kwanza ilininyima salamu miaka kumi na moja," akasema. "Ya pili ingeninyima nini?"

Marehemu akamaliza chungwa, akajifuta dole gumba kwenye kitenge, likaacha alama ya zambarau.

"Aa," akasema.

Nikaamka. Kumepambazuka, jogoo wa jirani amekwisha nyamaza. Nikatazama kidole cha shahada. Kovu lipo, lakini hilo lipo kila siku, halithibitishi kitu.

Paterni zangu narudi nazo nyumbani kila jioni, maana siwaamini wa barazani, nazitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Zilikuwa zote pale. Moja tu, ya mfuko, ilikuwa sakafuni. Uji wa muhogo wa miaka kumi na moja umechoka, kona moja ya juu imebanduka, kama ukubwa wa kucha. Kwenye kile kilichobanduka kuna mistari midogo ya zambarau, imezunguka kama nyuzi kwenye bobini, ukingo wa alama ya dole gumba la mtu.

Sikuibandua zaidi. Kazi hiyo inataka maji ya vuguvugu na mkono mwepesi, na kwenye baraza letu mwenye mkono mwepesi ni mmoja. Nitampitia Bi. Hidaya kwake saa moja. Nimejaribu salamu mbele ya kioo. Imetoka na kutu, lakini imetoka.

Sasa mfuko wa ndani bado haujakatwa, paterni yake inakwenda ofisi ya kata, na ninahitaji nyingine. Nimezigeuza kurasa nne za hotuba. Nyuma ni nyeupe, na karatasi yenyewe ni ngumu, inashika umbo vizuri.

Nimechukua mkasi, nimeanza na kona.