Vidole vya Shangazi Hafidha

Feisal wa Dunda alikuwa na jambo moja la kujitapia: siri ikiingia kifuani mwake haitoki, hata umkabe. "Mimi kaburi!" angesema, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Shangazi yake, Hafidha, msuka mikeka, alimwamini. Kwa hiyo alipoandikiwa dawa za sonona, ni Feisal aliyemsindikiza kliniki, kwa sharti moja.

"Baba, mtu akijua nameza hivi vidonge, siku hiyohiyo navitupa chooni. Nani atamtandikia bibi harusi mkeka wa mwenye dawa za wazimu?"

"Shangazi, umesahau? Kaburi."

Tangu afiwe na mumewe, Shangazi alikuwa hali, halali, na maneno yake ya kutwa hayakujaza kiganja. Juu ya hayo alikuwa na maradhi ya viungo. Vidole vilimvimba kama tangawizi, majani ya miyaa hayashikiki. Dawa za viungo alikuwa anazinywa mwaka wa pili, zikamsaidia kidogo, basi.

Wiki ya nne ya vidonge vipya alimtania Feisal kuhusu kiduku chake cha nywele. Feisal nusura alie. Wiki ya nane akamkuta uani kanyoosha miguu, anasuka ukili. Vidole vile vile! Jani linapita juu, linazama chini, linaibuka. Feisal akasimama na ndoo yake ya maji mpaka mkono ukafa ganzi.

"Shangazi, si uliambiwa ni dawa ya huzuni?"

"Ndiyo."

"Kwani vidole navyo vilikuwa na huzuni?"

"Kamuulize daktari. Mimi nasuka."

Akaenda kweli. Daktari Raya wa kliniki alicheka, akampeleka maabara, wakamtoboa kidole, tone likapakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. "Chungulia. Damu yako hiyo."

Feisal akainamia hadubini. Akaona uwanja mzima wa viduara vya waridi, na hapa na pale, kama wageni waalikwa, vitu vikubwa vyenye kiini cha zambarau.

"Hizo za zambarau ni chembe nyeupe, ndiyo kinga yako," alisema daktari. "Kwa shangazi yako kinga ilikosea, ikawa inapiga viungo vyake mwenyewe. Na huzuni nzito ikikaa sana, mara nyingine mwili unaihesabu kuwa hatari. Kinga inazidi kuwaka."

"Kama mgambo aliyetumwa kukamata mwizi, akapindua meza za mama ntilie."

"Hasa! Sasa, hizi dawa zinagusa kemikali inayopeleka habari ndani ya ubongo, inaitwa serotonini. Na baadhi ya chembe hizo unazoziangalia nazo zina milango ya kuipokea. Kwa wengine kinga hupoa na uvimbe hupungua. Wengine hawaoni tofauti yoyote, na sababu yake bado hatuijui vizuri. Dawa ya viungo asiache, umesikia?"

Feisal, mtu asiyekosa utani hata msibani, aliirudia hadubini. Akachungulia tena. Miaka ishirini na mbili alidhani huzuni inakaa kichwani, na pua ikitoka makamasi ni shauri la pua. Kumbe ndani ya kidoa kidogo kuliko punje ya mchele kuna wakazi, na habari za msiba zinawafikia! Alijiona kama mtu aliyezaliwa katika nyumba, akakulia humo, leo ndiyo anasikia watu chumba cha pili.

"Subhanallah," akanong'ona.

Na hapo kaburi likapasuka.

Kesho yake saa tatu asubuhi, mkeka uko magotini mwa Shangazi na Feisal yuko pembeni yake, Mwaija muuza vitumbua akapiga hodi. "Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, mwanangu. Unataka mkeka?"

"Hapana." Mwaija akapunguza sauti. "Hiyo kliniki ya sonona, wanapokea siku gani?"

Vidole vya Shangazi vikasimama. "Feisal! Umemwambia nani?"

"Mimi? Shangazi, wallahi sijafumbua mdomo!"

"Usiape, kaka yangu," alisema Mwaija. "Jana ulisimama kwenye karai langu, ukapanga vitumbua vyangu vikawa chembe za damu, ukawaonyesha wateja wangu wote milango yake. Eti ni habari ya bibi mmoja wa Miono, si wa hapa Dunda, anasuka mikeka, ana mpwa mzuri wa sura." Akamgeukia Shangazi, macho yamejaa machozi. "Wengine walicheka, Bi Hafidha. Mimi sikucheka. Tangu nimzike mtoto, mwezi wa tano huu silali."

Shangazi akaminya kidonge kutoka kwenye karatasi yake, akakimeza mbele ya Mwaija, wazi kabisa. Kisha akasogeza mkeka ampe nafasi.

"Alhamisi. Tutakwenda wote. Ehe, huyo bibi wa Miono, mpwa wake alisema nini tena?"

Feisal alikuwa tayari anautafuta mlango.

"Kaa, baba," alisema Shangazi. "Mwaija, anza mwanzo."