Mama wa Mchezo

Mwaka ule wa 1955 tulichoka hadi usingizi wenyewe ukatushinda. Asubuhi tulichimba handaki la kuzungushia kijiji chetu karibu na Manyatta, mchana tukachimba matuta, na jioni filimbi ikalia tukafungiwa ndani kama mbuzi. Wimbi letu, nafaka ya uji wetu, lilikuwa limeiva ng'ambo ya handaki. Ndege wa mwaka ule hawakuwa na adabu hata kidogo. Walikula tukiwatazama, na watoto wakalala na uji mwepesi kama maji ya kunawa.

Ndipo D.O., Mzungu aliyetutawala, akasema tukiwaonyesha wakubwa wake mchezo mzuri, wanawake wataruhusiwa kwenda kuvuna. Mchezo alishauchagua mwenyewe: mama anamlaani mwanawe aliyeingia msituni kupigana na Wazungu. Lydiah, mwalimu wa chama cha wanawake, akapewa kazi ya kutufundisha.

Kwenu sijui, lakini kwetu Embu mama hachezi na laana. Maneno yakishatoka kinywani yanamtafuta mtoto popote alipo, wala hayaulizi kama ulikuwa unatania. Lydiah alipouliza nani atakuwa mama, kila mmoja alitazama vidole vya miguu yake. Kisha Wambura, jirani yangu, ambaye mwanawe Ngari alikuwa msituni kweli, akasema, "Apewe Ciakuthii. Laana yake haina pa kwenda."

Wote wakashusha pumzi. Mimi sikuzaa. Hilo nililijua kabla ya Wambura kulijua, lakini kulisikia likipitishwa kama hoja ya baraza kuliniuma sana. Nikakubali hata hivyo. Nami nilikuwa na shamba, na tumbo lisilobeba mtoto nalo hula.

Mtoto akawa shida nyingine. Nani angesimama mbele ya D.O. ajiite mtu wa msituni? Mwishowe akapewa Misheck, hom gadi, mlinzi wa serikali pale langoni, kijana mwenye shingo ndefu ambaye mama yake alikufa akimzaa. Tulifanya mazoezi baada ya matuta, viganja vimevimba. Nilimwambia Lydiah kwamba laana yenyewe nitaitamka siku ya mchezo tu, naye hakubisha. Hakutaka kuisikia mara mbili.

Siku ikafika. Wazungu wakakaa vitini, hedimani wetu, mkuu wa kijiji, kando yao, kijiji kizima kimesimama kwenye jua kali. Misheck akaingia amevaa gunia, akapiga magoti. Alikuwa amefundishwa maneno marefu, lakini yakampotea, akasema moja tu: "Mama." Hom gadi mzima, na bado aliogopa laana kama sisi wengine.

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Wenzangu wote walikuwa na wa kuwaita mama. Mimi nilikuwa Ciakuthii tu. Laana ilikuwa tayari ulimini, na sasa ilikuwa na pa kwenda. Nikaimeza. Nikakunja uso, nikapiga kelele za hasira zisizo na maana yoyote, kisha nikalifungua lile gunia na kumtemea mate kifuani, taratibu, jinsi mama anavyombariki mwana anayekwenda mbali.

D.O. akapiga makofi mpaka kofia ikampinda. Kwao mate ni dharau. Hedimani alijua vizuri alichokiona, lakini wimbi la wake zake nalo lilikuwa nje, akajifanya anaangalia mlima.

Kesho yake lango likafunguliwa. Ndege walikuwa wametuachia nusu, na nusu ni chakula. Nilidhani wenzangu wataimba. Hakuna aliyenisemesha. Adhuhuri nikamwendea Wambura, nikamuuliza kosa langu ni nini.

"Ungelaani tu," akasema bila kuacha kukata. "Mate yako umempa mwenye bunduki. Ngari wangu analala kwa baridi, na huyu ndiye wa kubarikiwa?"

"Nilimbariki mtoto wa mchezo."

"Na mate yalimlowesha nani?"

Nikarudi kukata wimbi langu, nimechoka kuliko siku zote za handaki.

Jua lilipoinama tukafunga mizigo. Mzigo wa mavuno mwanamke hajitwiki peke yake. Huyu humwinulia yule, yule naye huyu, mpaka wote wamesimama. Nilikaa chini, kamba kwenye paji la uso, nikingoja. Walitwikana, wakaanza kuteremka. Filimbi ilikuwa karibu kulia, na aliyekutwa nje baada ya filimbi alipigwa risasi.

Misheck, aliyekuwa akitulinda, akaegemeza bunduki kwenye kichaka akaja kwangu. Kule chini Wambura akasimama na mzigo wake mgongoni, akageuka kututazama. Nilijua mikono ile ikigusa mzigo wangu, hakuna mwanamke kijijini atakayenitwika tena.

"Haya mama, inuka," akasema.

Nikainuka.