Bibi Kuluthumu Amtazame Shamsa

Harusini kwa dada yangu Shamsa, hapa Kismayo, mimi nilikuwa muhimu kuliko bwana harusi. Yeye kazi yake ilikuwa kuoa tu. Mimi nilitakiwa nimlete ukumbini Bibi Kuluthumu, aliye Mombasa, na miguu yake haimfikishi hata mlangoni.

Bibi alikimbia kutoka kisiwa chetu cha Chula vita vilipoanza, kisutu chake, leso ya harusi, amekifutika kwenye ndoo. Mwezi uliopita alikituma kwa mkono wa baharia mmoja, Shamsa akivae siku ya kutolewa mbele ya wanawake. "Nikimuona nacho, nitakuwa nimerudi," aliniambia. Simu haikumfaa. Macho yana ukungu. Uso wa mtu kwenye simu huuona kama embe.

Basi nikaazima vifaa vya kazini, vile tunavyorushia mechi. Kisanduku cha kutuma picha, enkoda, nikakiunga na kamera ukumbini. Cha kupokea, dikoda, kilishatangulia Mombasa, binamu yangu Fadhila akakichomeka kwenye televisheni kubwa. Enkoda nikaipa anwani ya dikoda na namba ya mlango wa kuingilia, nikatia na neno la siri. Kisha nikakaa nyuma ya pazia na laptopu, maana siku hiyo ni ya wanawake peke yao.

"Adnani," Fadhila akasema kwenye simu, "hapa giza tu. Bibi auliza kama umeme wa Kismayo umekatika."

Nikatazama takwimu. Data ilipita kiduchu, kama maji ya bomba letu. Nikaona mtandao umechoka: nikashusha ubora wa picha, nikaongeza muda wa kuchelewa hadi sekunde nne, ili isikatike. Giza. Nikamlaumu Fadhila, naye akanirudishia na riba.

"Msigombane," bibi akasema nyuma yake. "Mie nangoja."

Hilo ndilo lililoniuma. Nikatazama tena. Taa ya enkoda ilikuwa kijani, njia wazi. Data ilikuwa kidogo kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupeleka.

"Shangazi Zainab," nikaita, "kamera yatazama nini?"

"Yatazama leso yangu," akajibu ng'ambo ya pazia. "Nimeifunika. Wanawake wako vichwa wazi humu. Kidude chako chapeleka kwa wachu wangapi?"

"Kwa mamako tu, na Fadhila. Mlango wameufunga."

"Na wewe waona?"

"Picha iko ukurasa wa pili. Sijaufungua, adabu kidogo ninayo."

"Kidogo haitoshi. Leta."

Nikapitisha laptopu chini ya pazia. Ndipo nikakumbuka ule ubora nilioushusha; bibi hangeona hata maua ya kisutu.

"Shangazi, itabidi uandike wewe. Tafuta palipoandikwa mia nne."

"Nimepaona."

"Ongeza sufuri."

"Sufuri? Zile ulizokuwa ukituletea kutoka shule?"

"Hizo hizo. Leo zimepata kazi. Sasa bonyeza kuhifadhi, utoe leso."

Ukumbi ukanyamaza. Nikajua Shamsa anafunuliwa uso. Mimi nilikuwa naangalia pazia.

"Fadhila?" nikanong'ona.

"Ngoja. Bibi amesimama."

Kigelegele kikatoka kwenye simu, chembamba, kimepasuka katikati, na ukumbi mzima ukakipokea. Nikapandisha sauti ya simu.

"Ndicho," bibi akasema. "Ndicho kisutu changu. Amekifunga vizuri. Na Zainab yuko wapi? Nani kamficha mwanangu?"

Shangazi alibaki Kismayo siku ile ya vita wenzake walipopanda mashua, na bibi hajamwona tangu hapo. Nikasikia kiti kikisogezwa, akaenda kusimama mbele ya kamera.

"Adnani," akaita, sauti si ile ya kunifokea. "Mbona hasemi?"

"Bado hajakuona. Nimeweka sekunde nne. Naweza kuzipunguza, ila picha itakatika."

"Usiziguse," akasema. "Nangoja."